Harusi Bila Kamati

Mwaka nilioolewa nilikuwa nikifundisha historia kidato cha tatu, habari za wale wafalme wa Ulaya ambao neno lao lilikuwa sheria. Mchana nawaeleza wasichana jinsi mfalme alivyovunja bunge akatawala peke yake. Jioni narudi mtaani Majimbo, hapa mjini Embu, kukaa na kamati ya harusi yangu. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, makamu wake, mweka hazina, hata bwana wa mahema. Mimi bibi harusi sikuwa na cheo.

Nilivumilia mpaka waliposema mjomba ndiye atakayenikabidhi kwa mchumba wangu na watu wake wa Meru. Mjomba! Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama ndiye aliyechuma kahawa kule Kanja mpaka nikaitwa mwalimu. Nilitaka mama ashike kipaza sauti aseme, "Huyu ni wangu." Kwangu mimi, harusi nzima ilikuwa hapo.

Basi Jumapili moja baada ya chai niliingia kwenye grupu ya harusi kwenye simu nikamtoa kila mtu, nikianza na mwenyekiti. Jamani, raha niliyoisikia! Nikaanza kuwatumia amri mmoja mmoja. Hotuba za wanasiasa, marufuku. Mjomba kushika maiki, marufuku. Mchumba wangu akapiga simu kutoka Meru kuuliza kama yeye bado yumo.

"Wewe uko," nikamwambia, "but usiniulize maswali."

Alicheka mpaka akakohoa. Cha ajabu, watu walitii. Mjomba mwenyewe aliniandikia, "Sawa, madam." Wiki hiyo nilifundisha nikiwa nimeinua kidevu, na somo la wafalme nikalirudia bila sababu yoyote.

Jumamosi nikaenda Kanja kumpelekea mama habari njema. Nilimkuta akichagua maharagwe.

"Mum, nimeamua. Siku ya harusi utaongea wewe."

"Umeamua na nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Na mimi nimesema nataka kuongea?"

Nikadhani anaona haya tu, nikamwambia amri imeshatoka. Akaweka ungo chini.

"Hao wengine uwatawale vile unataka. Mimi nilikuzaa. Siwezi kuwa raia wako."

Iliniuma, sitadanganya. Kisha ikanijia kwamba sikuwa nimemuuliza.

"Sasa wewe unataka nini, mum?"

Alichungulia mlangoni kuona kama kuna jirani.

"Mimi nataka kucheza," akasema. "Kuongea, hiyo wachia mjomba yako. Aongee hata mpaka jioni."

Nilicheka mpaka nikakalia maharagwe. Siku hiyo hiyo nikairudisha kamati yote kwenye grupu, na mwenyekiti, kana kwamba hakuna kilichotokea, akafungua kikao kwa maombi.

Siku yenyewe mama aliniingiza kanisani akicheza, akinamama wa kanisa nyuma yake. Kila nilipotaka kusonga alinizuia kwa kiuno, vigelegele vikazidi, pasta akasubiri. Sikuwahi kumwona mama hivyo, mikono mitupu, akicheka na kila mtu. Tulipofika mbele, jasho likimtiririka, aliuchukua mkono wangu, akaushika kwanza kwa muda mrefu, kisha akauweka ndani ya mkono wa mchumba wangu. Hilo hakuna aliyekuwa amemwamuru.