Joho la Mtawa

Kwa miaka tisa mimi ndiye niliyefundisha kipaimara katika ibada yetu ya Kiswahili, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Wazungu waliotupangisha huko mashariki mwa Toronto. Kila Jumamosi nilitoka Crescent Town nimelala kwa saa nne tu baada ya zamu ya kutunza wazee, katekisimu kwapani. Na kila Oktoba niliwasimulia watoto maisha ya yule mtawa wa Kijerumani aliyelitengeneza kanisa. Jina lake silitaji; ni lile lile lililoandikwa kwenye kibao chetu. Niliwasimulia kama nilivyosimuliwa kwetu Machame: radi ilimtisha njiani akaweka nadhiri ya utawa, akafunga, akakesha, akaona msamaha wa dhambi unauzwa kama nyanya, akagongomea hoja zake mlangoni mwa kanisa. Tena kwa tarehe. Watoto walizisahau kabla ya kufika kituo cha treni, lakini walizikariri.

Mwaka wa kumi akaja yeye. Alikuwa mama kijana kutoka Uvira, Kongo, amepitia kambi ya wakimbizi, anaishi Lawrence Heights na mwanawe mmoja. Mchungaji aliniambia, "Mama, huyu atakusaidia." Nikajisemea mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipona wiki moja tu.

Jumamosi ya pili nilimwachia robo saa ya mwisho. Tarehe hakuzigusa. Alivuta kiti katikati ya watoto akaanza kuzungumza nao kama wako jikoni.

"Batoto, ule mutawa alikuwa anaogopa Mungu sana. Anaenda kuungama asubuyi, anarudia mangaribi, anarudia tena. Padri wake muzee anachoka. Anamwambia, izi unaniletea ni takataka. Enda, ukipata zambi ya kweli ndiyo urudie."

Watoto walicheka hadi wengine wakashika matumbo. Ndipo akashusha sauti akawaeleza kwamba mtu yule alijisugua miaka na miaka asitakate, mpaka alipoelewa kwamba Mungu anampokea hivyo hivyo, kwa imani tu, bila kulipia chochote. Binti yangu wa miaka kumi na mitatu, ambaye nyumbani nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akainua mkono. "Bure kabisa, auntie?" akauliza.

Kwa Kiswahili. Na alimwuliza yeye. Mimi nilikuwa pembeni nakusanya vitabu, roho inaniuma kama jino.

Kwenye treni binti yangu aliniambia, "She's so good, Mama. Wewe yule mtawa unamfanya kama exam." Tangu siku ile nilimwonea gere yule mwanamke kwa kila kitu: sauti yake, vitenge vilivyomkaa, hata Kiswahili chake nilichokiona cha kubomoka, maana changu sanifu hakikuwahi kumfanya mwanangu ainue mkono. Nilitaka aondoke aniachie darasa langu. Leo nalisema waziwazi. Wakati ule niliupa wivu wangu jina la utaratibu.

Na kweli kwetu upo utaratibu. Aliyezaa nje ya ndoa hutengwa na meza ya Bwana, wala hafundishi, mpaka asimame mbele ya usharika, aombe radhi, arudishwe kundini. Machame niliuona tangu utotoni, mabinti wamesimama mbele na khanga zimewashuka hadi puani. Toronto tulikuwa tumeanza kuusahau, nami nikamkumbusha mzee wa kanisa. Nilimpigia simu nikiwa kazini Don Mills, wakati wa mapumziko, nimeegemea toroli la chakula. Nilimwambia kwa sauti ya huruma kwamba nina wasiwasi na mwalimu mwenzangu, kwamba mtoto wake, kama alivyoniambia mwenyewe, hakuzaliwa ndani ya ndoa. "Jina langu usilitaje, mzee," nikamalizia. "Ni kwa ajili ya watoto tu."

Nilidhani yule mwanamke atakasirika ahamie kwa Wakongo wenzake, ambao makanisa yao hapa ni mengi. Jumapili ya tatu baada ya simu ile alisimama mbele yetu, kichwa wazi. Alisema alizaa kambini, mwanamume akaondoka, mtoto hamjutii, ila anaomba apokewe. Mchungaji alimwekea mkono, na wanawake wakaanza kutoka kwenye viti mmoja mmoja kwenda kumkumbatia. Wa kwanza kumfikia alikuwa binti yangu. Nami nilikwenda, kwa kuwa nisipokwenda ingeonekana.

"Merci, mama," alininong'oneza sikioni.

Nilirudi kitini na wivu wa ajabu kuliko ule wa kwanza. Nilimwonea wivu hata msamaha wake. Miaka kumi nafundisha neema, na hakuna aliyewahi kunikumbatia kwa ajili yake.

Oktoba iliyofuata ilikuwa ya 2017, matengenezo ya kanisa yanatimiza miaka mia tano, naye akaandaa igizo. Nani awe mtawa? "Mama njo anajua ule mutu kupita siye bote," aliwaambia watoto. Kabla sijakataa alinivika joho alilolishona kwa pazia kuukuu, nalo likanienea mabegani kama amenipima usingizini. Binti yangu alipewa nafasi ya padri mzee, na ndevu za pamba. Maneno yangu hayakuandikwa popote.

"Useme tu zambi ndogo-ndogo," alinielekeza. "Bantu bacheke."

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Nilipiga magoti nikaungama kwamba nimesinzia kwenye sala, nimeonja mchuzi kabla ya kuombea chakula, nimemlaani dereva wa basi aliyenipita kwenye theluji. Watu walicheka. Binti yangu alishika ndevu zake akasema, kwa Kiswahili, "Hizo takataka. Nenda, ukipata dhambi ya kweli ndiyo urudi."

Hapo nilitakiwa kuinuka nitoke. Nikabaki pale pale chini.

"Ninayo," nikasema. "Nimemwonea wivu mwalimu mwenzangu. Ni mimi niliyepeleka habari zake kwa mzee wa kanisa."

Walicheka kuliko mara zote. Walidhani ni igizo. Mzee wa kanisa peke yake aliinamisha kichwa. Binti yangu alimgeukia mwalimu wake aliyesimama kando ya pazia na karatasi mkononi. Yule mwanamke aliniangalia bila mshangao wowote, nikajua kwamba alikuwa anajua tangu siku ile ya merci. Kisha akamnong'oneza mwanangu neno.

"Bure kabisa, Mama," binti yangu akaniambia.

Kwa Kiswahili, na safari hii aliniambia mimi. Na hata hapo, nimepiga magoti ndani ya joho lake, niliona wivu kwamba neno lenyewe lilitoka kwake.