Moshi Nyuma ya Matete ya Luama

Mjukuu wangu alinirudisha Kabambare kwa pikipiki, nami nikaomba tusimame kidogo kwenye mto Luama. Harufu ya matope na mihogo iliyolowekwa ilinirudisha utotoni, rafiki yangu, wakati wa Wabelgiji, mwalimu wetu alipotangaza kwamba wasichana kumi, mimi nikiwemo, watafundishwa kupiga kafi.

Nyanya yangu, mama wa mama, alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo. Aliacha kutwanga. "Tangu lini Wazungu wanafundisha watoto kucheza? Enda, lakini mambo ya nyumbani yabaki nyumbani."

Nilimwelewa. Mjomba wangu alikuwa amekataa kulima pamba ya lazima, akajificha na mke wake kwenye shamba la mpunga, kando ya mkono mdogo wa mto.

Tulipanda mitumbwi miwili. Wetu uliongozwa na mwalimu, na Mzungu aliyesimamia kilimo cha pamba akaketi katikati yetu akigawa biskuti. Maji yalitulia kabisa. Tuligonganisha makafi, tukazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala, wenzangu wakacheka. Mimi biskuti niliishika tu mpaka ikalowa.

Tulipofika kwenye ule mkono wa mto, moshi ulipanda nyuma ya matete. Mzungu akanigeukia.

"Mutoto, kule iko nani?"

"Hakuna mutu, Bwana. Iko viboko tu."

"Viboko wanawasha moto?"

 Mwalimu alinitazama. Alizaliwa kijiji cha jirani, na alijuana vizuri na mjomba.

"Ni wavuvi wanakausha samaki, Bwana," akasema polepole. "Lakini viboko wako kweli, na watoto hawa hawajui kuogelea."

Mzungu akaamuru turudi.

Nilimsimulia nyanya kila kitu. Hakufurahi. "Anayejua siri yako na kunyamaza, anangoja nini?" Jioni ile ile akaenda mwenyewe kumhamisha mjomba. Siku ya tatu askari walifika kule, wakakuta jivu tu.

Nani alisema? Hatukujua. Tangu hapo nilimsalimu mwalimu huku nikitazama miguu yangu, na siku moja aliniita, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikakimbia.

Sasa mkono ule wa mto umezibwa, mpunga umekuwa pori, nyanya na mjomba hawapo. Mwalimu naye alikufa kabla sijapata moyo wa kumjibu. Mimi ni mzee, na bado sijui kama mtu niliyemwogopa utoto wangu wote ndiye aliyetuokoa.