Nilipokuwa Kiranja wa Lango

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo jasho linanitoka. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na shule iliyokuwa ya Wahindi hapa Tabora imeanza kupokea watoto wa rangi zote. Mimi, Mnyamwezi mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, nikachaguliwa kiranja wa lango. Kazi yangu ilikuwa kuandika waliochelewa. Ukiandikwa mara tatu, unarudishwa nyumbani muhula mzima.

Asubuhi hiyo kengele ilikwisha kulia walipoingia wawili kwa pamoja: Karim, mtoto wa Mhindi muuza vitambaa, na Nyanzala, msichana mweusi aliyetembea kutoka kijiji cha mbali cha Kwihara, vumbi hadi magotini. Nikamwambia Karim, "Pita, ndugu, wahi mstarini." Nyanzala nikamwandika. Mara ya tatu.

"Na yeye je?" akauliza.

"Yeye si kawaida yake kuchelewa."

"Umejuaje, nawe hujamwandika hata siku moja?"

Nikamfokea, nikamwelekeza mstarini. Jibu la swali lile nimelitafuta hadi chuo kikuu. Nilidhani nikiwabana weusi wenzangu, walimu wataniona nimestaarabika!

Mstarini mwalimu mkuu, Bi Zuhura, naye mweusi kama sisi, akasoma jina la Nyanzala, akamwambia akachukue madaftari yake aende. Nyanzala akaanza kulia. Hapo Karim akatoka mbele.

"Mwalimu, tumeingia pamoja. Huyu kiranja hajawahi kuniandika."

"Hata mimi!" akadakia mtoto wa Kiarabu.

"Na mimi jana aliniacha nipite!"

Mikono ya Wahindi na Waarabu ikapanda mstari mzima! Bi Zuhura akaitazama karatasi yangu, kisha akanitazama mimi.

"Kiranja, wanaochelewa mji huu ni weusi peke yao? Basi na mimi niandike."

Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Nyanzala akaruhusiwa kuingia darasani, mimi nikakabidhiwa ufagio wiki nzima. Na mchana uleule, watoto waliozoea kukaa mafungumafungu kwa rangi zao wakacheza rede pamoja, wakilengana kwa mpira, kelele hadi barabarani! Nilifagia huku nikitamani kuitwa. Nikaitwa, tena na Nyanzala: "Njoo, kiranja, tukupige mpira!"

Mwanangu, ukipewa madaraka ya kuadhibu, wahesabu kwanza uliowasamehe, uone wanafanana na nani. Shule inayoadhibu rangi moja haina raha hata kwa wasioguswa, maana watoto wanaona. Mungu akukuze, akupe macho ya haki, na wanao wasome wakicheka.