Sahani ya Karanga

Nkambo, bibi yangu, alikuwa na desturi moja mtaani kwetu Makomeno: akikaanga karanga, watoto wa jirani walikula kwanza, sisi baadaye. Mwaka huu sahani ilianza kurudi imejaa. Yeye hakushangaa. Alikuwa ameshaanza kusahau, hata mimi aliniita jina la dada yake aliyekufa. Asubuhi mapema aliingia katika nyua za watu na kufagia, akidhani ni kwake.

Mjomba hufanya kazi mgodini Kinsevere na hulala huko, kwa hiyo kumwangalia nkambo imekuwa kazi yangu tangu nilipomaliza shule ya msingi. Mama mdogo yuko Ubelgiji, anaosha wazee wa watu wengine katika nyumba ya wazee. Alinieleza kwenye simu kwamba huo ni ugonjwa wa ubongo, na kwamba kule wagonjwa kama hao wana watu wa zamu mchana na usiku.

"Huku banaiita demansi," alisema. "Ambia majirani."

Niliitikia. Lakini kwangu hata kusalimu watu ni kazi; sikumwambia mtu.

Kisha mtoto wa jirani akashikwa na homa, na nikasikia nyuma ya ukuta wakimwita nkambo mulozi, mchawi. Nikafunga lango kwa waya.

Mama wa yule mtoto alikuja mchana na wanaume wawili nisiowajua. Hakugomba. Alisimama nje ya lango, akaongea polepole.

"Nkambo yenu iko?"

"Iko mugonjwa, mama."

"Mugonjwa gani?"

Nilitafuta neno la mama mdogo, likanikwama. Wao walikuwa wameshakuja na lao.

Nkambo akatoka jikoni na sahani yake. Akaipenyeza kati ya vyuma vya lango, akitabasamu.

"Muite batoto, bakule."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwanaume mmoja akacheka kidogo, akanitazama mimi. "Kula weye kwanza."

Nikachota, nikala. Zilikuwa za moto na hazina chumvi, alikuwa ameisahau. Walinitazama nikitafuna mpaka nikameza.

"Muzuri," mama yule akasema. "Kesho tutarudi, tuone kama ungali muzima."

Wakaondoka. Nkambo akawapungia mkono, kisha akaniomba nifungue waya ili awasindikize wageni.