Supu ya Wachu wa Hukumu

Bi Thuraya wa Chula, muuza mikate ya mofa na supu ya samaki hapa Kismayo, ana ulimi ambao hata wachukuzi wa bandarini wanauogopa. Mtu akisema supu ina chumvi, anajibiwa, "Na bahari nayo kaiseme!" Ni mtu mmoja tu ambaye ulimi huo haukufua dafu mbele yake: Abdulrazaq, taliye wa jela, yaani mkuu mwenyewe wa lile boma alimofungwa Ghalib, mwanawe Bi Thuraya, akingoja kupigwa risasi.

Ghalib aligombana na mvuvi mwenzake kwa ajili ya nyavu, akampiga kasia, mtu akafa. Hilo Bi Thuraya hakulikana, wala hakumtukana kadhi. Alitaka kitu kimoja: mwanawe aishi, hata kama ni humo humo ndani. Aliye hai huenda siku moja akasamehewa na wenye damu yao. Maiti hasamehewi kitu.

Basi tuingie tukaione hiyo nyumba ya heshima walimowekwa wachu wa hukumu, yaani watu waliohukumiwa kufa, kama Wabajuni wanavyowaita. Chumba kimoja cha mabati, wanaume saba, pingu miguuni, ndoo moja ya haja, na maji ya kisima yaliyoishinda kwa chumvi supu yote ya Bi Thuraya. Jua walipewa Ijumaa, kama sadaka. Upele uliwala mpaka wakasahau rangi zao, na Ghalib alikuwa na kikohozi kilichomkunja kama kamba aliyechemshwa.

Kila Bi Thuraya alipofika langoni na dawa, taliye alicheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Mama, dawa ya nini? Huyu ni mtu wa kufa. Wataka kumponya asife?"

"Ndiyo, nataka asife! Kwani wewe ulizaliwa au uliokotwa?"

"Rudi na supu yako."

Naye alirudi nayo, akaiuza kwa hasira, na siku hizo hakuna mteja aliyethubutu kutaja chumvi.

Hata siku moja, ajabu ya Mungu! Taliye alimtuma askari amwite, akampa kiti, akamwagizia chai ya maziwa. Bi Thuraya akajua pana jambo, maana chai ya bure ya mkubwa ina yake.

"Mama yangu," taliye alianza (leo amekuwa mama yake!), "amri imetoka. Hukumu za wale saba zote zimethibitishwa, na mwezi huu lazima tuanze na mmoja. Nimemchagua Ghalib, ndiye mkongwe wao. Lakini hawezi kusimama. Yule wa mwisho tulimbeba mpaka kwenye nguzo, mji mzima ukatusema. Nimeapa, safari hii mtu ataenda kwa miguu yake. Daktari ataleta dawa, mimi nitaleta maziwa ya ngamia, na wewe lete supu. Lango ni lako."

Salaale! Huruma iliyoje hiyo! Miaka yote mtu ananyimwa kidonge kwa kuwa ni wa kufa, leo anabembelezwa ameze kidonge kwa kuwa ni wa kufa.

Bi Thuraya alilia njia nzima bila kujificha. Asipompikia, kikohozi kitamwua. Akimpikia, amempikia risasi. Alipofika jikoni machozi yalikuwa yamekauka na akili imerudi. Kwao Chula, aliyelelewa vyema hali chakula peke yake, tena humsogezea mwenzake nyama kwanza. Akachukua sinia lake kubwa kuliko yote, akalijaza mofa zilizolowa supu, na minofu ya samaki tewa juu, kichwa katikati.

Askari walimfungulia kama bi harusi. Alimwinamia mwanawe, akamnong'oneza, "Wewe onja tu. Nyama wasogezee wenzako. Hicho kikohozi chako ndicho roho yako."

"Mama, hata ungeniamuru nisingekula peke yangu," Ghalib akasema.

Karibu naye alikaa Idris wa Koyama, kijana mkimya ambaye hapana mtu aliyepata kumletea hata ndizi, kwa kuwa mama yake yuko kisiwani na hana nauli ya boti. Ghalib akamsogezea kichwa cha tewa. Idris akakila mpaka macho, akanyonya mifupa, akasema, "Mama, Mungu akuweke."

"Kula, baba, kula," akamjibu Bi Thuraya, na moyoni akafurahi, maana kila tonge la Idris lilikuwa tonge lisilomnyanyua Ghalib. Wala hakuona haya.

Ikawa hivyo kila siku. Taliye akapita akikagua miguu ya mfungwa kama anunuaye mbuzi wa Idi. "Mbona mwanao hanenepi?"

"Muulize ngamia wako!"

Sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu. Ghalib alibaki mfupa na ngozi. Lakini Idris alinawiri: upele ukakauka, mashavu yakarudi, akawa anawaadhinia wenzake kwa sauti inayovuka ukuta.

Mwezi ulipokaribia kwisha, taliye alichungulia dirishani. Amri ilitaka mtu mmoja, haikutaja jina.

"Nani anaweza kusimama?"

Idris alidhani wanatafuta wa kuteka maji. Akasimama.

Kesho yake Bi Thuraya alipoleta sinia, Ghalib hakumtazama. "Amekwenda kwa miguu yake," alisema, akionyesha mahali alipokuwa akikaa Idris. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wahenga walisema. Haya, methali imetimia, pigeni vigelegele.

Siku mbili baadaye, Bi Thuraya alipokuwa akitoka, pale langoni alisimama mwanamke mwembamba, buibui limechanika. Ni Ummi, mama yake Idris. Nauli ya kuja kumwona mwanawe akiwa hai haikuwahi kupatikana, ya kumzika watu walimchangia mara moja, ndivyo tulivyo. Naye alifika kaburi limeshafukiwa.

"Wewe ndiye mama yake Ghalib?"

"Ndiye."

"Waliomwosha mwanangu wameniambia hakuwa mifupa. Alikuwa na mwili, mchu mzima. Wanasema ni wewe uliyemlisha." Akaishika mikono ya Bi Thuraya, ile inayonuka samaki, akaibusu, mmoja kisha wa pili.

Taliye akaita kutoka kivulini, kwa adabu zote, "Mama, mwezi ujao pia, usitusahau kwa supu."

Bi Thuraya aliiacha mikono yake mle mle mikononi mwa Ummi, kwa kuwa hakujua akiitoa ataipeleka wapi.