Kifaranga wa Shingo ya Manyoya

Juzi nilimmwagia maji moto kuku niliyekuwa nimemchinja, na ile harufu ya manyoya mabichi yanayofuka mvuke ikanirudisha jikoni kwa Mama, juu kidogo ya Keumbu, miaka ile ya sabini. Mjukuu wangu aliziba pua akakimbia. Mimi nilibaki nimesimama na sufuria mkononi, nacheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka jogoo wa Nyanya.

Wenzangu, jogoo yule alikuwa kichekesho. Shingo tupu, nyekundu kama imechunwa, na kichwani kishungi kilichosimama kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Nyanya, mama yake Baba, alimtoa kwao Nyamarambe baada ya jogoo wa kwanza kuliwa na kicheche, na alimpenda kuliko baadhi yetu. Mama naye alikuwa na mtetea wa sura hiyo hiyo, shingo tupu na kishungi. Nyanya ndiye aliyempa mbegu ya kuku hao alipoolewa. Ndivyo ilivyokuwa bomani kwetu: mkaza mwana alianzishiwa maisha kwa kuku wa mama mkwe, na vifaranga wakianguliwa aliwapeleka wakaguliwe. Kuku wakirudishwa kwa mwenyewe, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mkaza mwana alikuwa ameambiwa arudi kwao.

Likizo ya Agosti nilikuwa nimetoka bweni, kidato cha tatu, nimejaa Kiingereza na njaa. Mtetea aliangua, na Mama akawabeba vifaranga kwenye ungo hadi kwa Nyanya. Nilimfuata. Nyanya aliwashika mmoja mmoja, akiwapuliza manyoya, mpaka akafika kwa mmoja aliyevaa manyoya hadi kidevuni, kichwa laini kabisa. Hakuwa na shingo tupu wala dalili ya kishungi.

"Mama Kwamboka," alisema, "huyu ametoka kwa nani?"

"Ametoka chini ya kuku wako, mama."

"Kuku wangu hazai wageni."

Kwamboka ni mimi. Na Nyanya alikuwa na mazoea ya kuniita "mgeni wetu" tangu nikiwa mdogo. Nilidhani ni utani, nami niliupenda, maana mgeni kwetu alipewa chai ya kwanza.

Jogoo na mtetea walikuwa wamefungiwa kizimba kimoja kwa hofu ya kicheche, kwa hiyo jogoo wa jirani asingeweza kusingiziwa. Nyanya akasema basi Mama amebadilisha mayai. Mazuri ameyapeleka sokoni. Baba akirudi Jumapili kutoka kwenye mashamba ya chai ya Kericho, yeye na baba zangu wadogo wangeketi, na mtetea angerudishwa. Mama aliwakusanya vifaranga kwenye ungo, tukarudi kwetu. Usiku alisonga ugali wa wimbi ukatoka na madonge, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Nami nilikuwa na jibu! Nililiona lote kichwani nikiwa nachuma mboga za chinsaga. Muhula ule mwalimu alikuwa ametufundisha njegere za njano na za kijani, laini na zenye mikunjo, akachora visanduku kumi na sita ubaoni, nami sikuelewa hata kimoja. Sasa vifaranga walikuwa wamenifumbua macho. Kila mzazi ana mbegu mbili za kila umbo, na humpa mtoto moja tu. Ya shingo tupu ina nguvu, ya manyoya hujificha nyuma yake. Kishungi kina nguvu, kichwa laini hujificha. Basi kifaranga aliyekosa vyote viwili amepata mbegu zilizojificha pande zote mbili, na haiwezekani azipate bila baba na mama wote kuwa wamezibeba. Mtoto mmoja alikuwa ameniambia siri ya wazazi wake wawili.

Shida ilikuwa kusema. Kwetu kuna aibu kati ya mzazi na mtoto, na binti hafungui kinywa kuzungumzia kuzaana mbele ya baba yake. Hata kuzaana kwa kuku. Ningefukuzwa kabla ya sentensi ya pili.

Kwa hiyo Jumapili, wazee walipoketi, nilipiga magoti na vibuyu viwili. "Hiki ni cha jogoo, hiki ni cha mtetea," nilisema, macho chini. Kila kibuyu nilitia haragwe jeusi na jeupe, punje ya mahindi ya njano na nyeupe. Jeusi ni shingo tupu, njano ni kishungi; nyeupe ni zile zinazojificha, na zikikutana na zenye nguvu hazionekani. Nikamwomba Nyanya afumbe macho, achukue haragwe moja na punje moja kutoka kila kibuyu, azirudishe, achukue tena.

Alichukua kwa dharau. Shingo tupu na kishungi. Tena, hivyo hivyo. Akaja mwenye shingo tupu bila kishungi, na Nyanya akakiri kwamba wa namna hiyo alikuwamo kwenye ungo. Baba zangu wadogo wakasogeza viti, wakawa wanashangilia kama wako mpirani. Tukaendelea mpaka chai ikapoa, nami nikaanza kutokwa na jasho. Ndipo Nyanya akafungua kiganja, na zote nne zilikuwa nyeupe.

"Yaye!" alisema. "Kumbe jogoo wangu alitoka nayo Nyamarambe?"

"Ndiyo, Nyanya. Naye mtetea alikuwa nayo. Hakuna aliyebadilisha yai."

Nilitaka kuinuka. Mama, aliyekuwa mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Rudia, Kwamboka. Polepole. Baba yako asikie."

Nilirudia, nikidhani Baba hakuelewa mahindi. Lakini Baba hakuwa anatazama vibuyu. Alikuwa ananitazama mimi, usoni, kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya.

Baba alikuwa na mwanya na vishimo mashavuni. Mama alikuwa na mwanya na vishimo mashavuni. Ndugu zangu, hivyo hivyo, isipokuwa waliokosa kimoja. Mimi sina hata kimoja, na nilizaliwa Baba akiwa Kericho. Niliyaunganisha hayo nikiwa na watoto wangu mwenyewe, nikaketi chini jikoni nikalia. Leo najua sura ya binadamu hairithiwi kirahisi kama ya kuku, na Mama hakuhitaji haragwe kumwambia nilikuwa mtoto wa nani. Lakini neno ambalo watu wa boma zima waliliona aibu kulisema, kwamba mimi si wa Baba, walikuwa wamelisema kwa kuku na kwa utani wa mgeni, tangu nizaliwe, naye Mama alikuwa amelimeza kimya na kuendelea kusonga ugali.

Siku ile Nyanya alimwokota yule kifaranga, akampa Mama mkononi, na mtetea akabaki kwetu. Kisha akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga. Tangu jioni ile hakuniita mgeni tena, nami, mjinga mimi, nilisikitika, kwa sababu chai ya kwanza nayo ilikoma.