Pikapu ya Papa na Ambrayaji ya Mkono

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala ovaroli. Nilipewa swali. Mkuu wa gereji, tuliyemwita Chef d'Atelier, alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ikionekana, akaniuliza kutoka huko chini:

"Weye mwenye kusoma, unaamini iyi gari itatembea tena?"

"Siamini, Tonton."

"Bon. Kazi umepata. Miye naamini sana, na mutu mwenye kuamini haangalie mara mbili. Weye utakuwa Kontroli."

Ndivyo nilivyoajiriwa, bila mkataba, katika ua wa nyumba yetu huku Nguba, mjini Bukavu. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya sheria na sikuwa na mahali pengine pa kupeleka ubishi wangu. Nawaandikia ninyi wadogo zangu, mnaoiona pikapu ikipita na kuuliza ilifufuliwaje. Wakati wetu ninaousimulia ni wa juzi tu. Hata miaka thelathini sijafikisha, lakini kustaafu nimestaafu.

Kwanza wakubwa wangu. Chef d'Atelier alikuwa Tonton Mugisho, mjomba kwa heshima tu, fundi wa magari aliyekwisha kustaafu, rafiki wa papa, baba yangu, tangu ujana wao. Présidente alikuwa maman, maana ua ulikuwa wake na kamba za nguo zilikuwa zake; kila alipofua, gereji nzima ilihamia upande wa pili. Chef de Charroi, yaani mkubwa wa magari yote, alikuwa papa mwenyewe, ingawa magari yote yalikuwa moja, nalo halikutembea.

Miaka mingi papa aliendesha pikapu ile kwenda Nyantende, kwenye shamba letu la maharagwe. Kisha ugonjwa wa sukari ukamchukua mguu wa kushoto, chini ya goti. Pikapu ikafunikwa bâche, lile turubai la mizigo, papa akawekewa kiti kwenye baraza, wote wawili wakabaki wanatazama ziwa. Zamani alikuwa mtu wa kuuliza habari za mvua kabla ya salamu. Sasa watu wa Nyantende walimletea maharagwe mapya, akawashukuru kwa adabu, asiulize hata kama mvua ilinyesha.

Tonton alisema pikapu ikiinuka, papa naye atainuka. Mimi niliyaona ni maneno ya kumwambia mgonjwa. Kilichonisumbua ni upande wa pili: akijaribu mbele ya watu na ikashindikana, nani atakayemrudisha kwenye kile kiti, na atainuka tena lini?

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kutu. Tonton alinipa nyundo ndogo akanifundisha kusikiliza. Unagonga bati: likilia kwa sauti kavu, chuma ni kizima, likijibu puu, kutu imeshakula kwa ndani, hata kama rangi inang'aa. Nilikuwa mkali. Kila Tonton aliposema "hapa ni sawa" niligonga tena, na mara nyingine hapakuwa sawa. Sakafu ya upande wa dereva tuliikata yote tukachomelea mpya.

Kutoka kwenye kutu nikahamishiwa kwenye moteri, yaani injini. Huko sikukaa sana, kwa sababu ile dizeli ya zamani ilihitaji tu kusafishwa na kubadilishiwa mipira iliyokauka. Siku ilipowaka, moshi wake mweusi ukaenda moja kwa moja kwenye mashuka ya Présidente, nasi sote tukasimamishwa kazi mpaka Jumamosi iliyofuata.

Kituo kigumu kilikuwa ambrayaji. Kwa wasiojua, ambrayaji ndiyo klachi, ile inayoshika na kuachia nguvu ya moteri kabla haijafika kwenye magurudumu. Unaikanyaga kwa mguu wa kushoto kila unapobadili vitesi, yaani gia. Papa hakuwa na mguu huo, na ule wa plastiki aliopewa hospitali haukujua unakanyaga nini. Basi Tonton akachomelea bomba kwenye pedali, likasimama mpaka usawa wa volani, ule usukani, ili papa alisukume kwa mkono. Aliniita nikague. Nikakaa, nikasukuma bomba, nikashika vitesi.

"Tonton, mukono wa kushoto uko kwenye bomba. Wa kuume uko kwenye vitesi. Volani inashikwa na nani?"

Tonton akajikuna shingo. Kutoka barazani, bila kugeuza kichwa, Chef de Charroi akajibu:

"Na Roho Mutakatifu."

Lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha tangu hospitali. Maman aliacha kufua. Tonton akalikata bomba siku ileile huku akicheka peke yake.

Jibu la pili lilikuwa zuri zaidi. Tuliondoa mkono wa freni, yaani breki, kwenye pikipiki iliyokufa, tukaufunga kwenye mti wa vitesi, ili mkono wa kuume ubane ambrayaji na kubadili vitesi papo hapo. Nguvu ya vidole haitoshi kwa ambrayaji ya dizeli, kwa hiyo katikati tukaweka servo kutoka kwenye minibasi chakavu, chombo kinachozidisha nguvu. Kwenye volani tukafunga kitasa cha mlango, cha mviringo, ili mkono wa kushoto uzungushe peke yake. Nilibana ule mkono wa pikipiki mpaka vidole vikavimba, nikitafuta mahali utakapodanganya. Sikupapata, na hilo halikunituliza.

Papa alijaribu kwanza ndani ya ua: mbele kidogo, nyuma kidogo. Kisha ikaja asubuhi ya kwenda Nyantende. Tuliiegesha nje ya geti jioni ya kuamkia safari, pua ikitazama chini, kama wazee wote wa Bukavu wanavyoegesha, ili batri ikikataa gari lijitelemkie na kuwaka. Na katika mji huu wa milima gari lililosimama kwenye mteremko haliachiwi freni peke yake: linawekewa jiwe mbele ya gurudumu. Anayeweka ndiye anayetoa. Mimi niliweka langu, na asubuhi nikalitoa.

Majirani walikuwa wameshajipanga. Papa akapanda, akaweka fimbo pembeni, akawasha. Akabana, akatia vitesi ya kwanza, akaachia. Pikapu ikatetemeka, ikazimika. Akarudia. Ikazimika.

"Achia polepole, muzee!" jirani mmoja akapaza sauti.

"Kwani weye ndiye ulimufundisha kuendesha?" Tonton akamfokea, lakini nilimwona anatoka jasho.

Mara ya tatu pia ikazimika. Papa akaondoa mikono kwenye volani, akafungua mlango.

"Munipe ile fimbo. Haina neno. Mulijaribu."

Nilijua kabisa kosa ni letu, ni ile servo. Lakini mdomo wangu umezoea kuuliza hata ninapotaka kulia.

"Subiri, Papa. Ambrayaji kama haishike, moteri ingelia bure, gari lisimame tu. Juu ya nini inazimika?"

Papa akanitazama. Mkono ukabaki kwenye mlango.

"Inazimika juu inashika," akasema taratibu. "Inashika muzuri. Ni kitu kingine kinatuzuia."

Nikazunguka upande wa ukutani, ambako hakuna aliyepita asubuhi ile. Mbele ya gurudumu kulikuwa na jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, na nyuma yangu maman amesimama na kapu la chakula.

"Maman, hili jiwe?"

"Ni la kwangu. Gari kwenye mulima, jiwe moja tu? Na muko munanitazama nini? Si mungeuliza!"

Papa alicheka mpaka akaegemea volani. Maman akalitoa mwenyewe, maana ndiyo sheria. Papa akabana, akaachia, na pikapu ikashuka kama maji. Sikumbuki njia ya Nyantende. Nakumbuka tu kwamba kufika kule juu mabega yangu yalishuka, nikagundua kuwa kwa miezi yote ile yalikuwa yamepanda.

Kustaafu kwangu kulikuja wiki chache baadaye, getini.

"Kontroli, shuka," papa akasema. "Leo naenda peke yangu."

Nikashuka. Nilibaki na jiwe mikononi, na maman akaniuliza mbona simbishii. Tangu chuoni nilidhani mtu asiye na swali amelala usingizi. Siku ile nilikuwa macho kabisa, na nilipumua.

Jioni nikasikia honi, nikatoka na jiwe langu. Papa aliegesha pua chini, akazima, akatoa kichwa dirishani, na kabla ya salamu akasema:

"Kule mvua imenyesha tangu asubuhi. Huku je?"

Nilikuwa nimeinama, naweka jiwe.